Santuri ya Mwezi wa Ramadhani

Miaka ya vita na michache iliyofuata nilikuwa mpiga gitaa wa pili. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asitarajie makubwa. Mpiga gitaa wa kwanza huimba, hutazamwa, hutunzwa na wanawake. Wa pili hukaa kiti cha nyuma, hupiga mambo yale yale tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi yake kubwa ni kutopotea. Mimi nilikuwa hodari wa kutopotea. Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikarudi na shahada, nikagundua kuwa huko nako wengi wetu twaishi kwa ustadi huo huo.

Kazi yangu ya kila siku ilikuwa ukarani wa stoo huko Changamwe. Nilizaliwa upande wa Rabai, katika nyumba ya Kikristo ambamo kila mtu aliimba isipokuwa mimi. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole asiyependa kumuumiza mtoto, aliniweka mstari wa katikati akaniomba nifungue na kufumba mdomo pamoja na wenzangu, ila nisitoe kitu. Nadhani ndipo nilipoanza kupenda gitaa. Lilikuwa chombo cha kwanza kuniruhusu nitoe kitu.

Mpiga gitaa wa kwanza alikuwa mtu wa Likoni, amenizidi umri kidogo, wa ukoo wa zamani wa hapo. Marehemu babake alisomesha Kurani barazani kwao mpaka kufa kwake, na wanaume wengi wa mtaa ule walijifunza alifu mbele ya bakora yake. Mwanawe naye alisoma, akahitimu, kisha akaenda bandarini kugonga kutu kwenye meli zilizoletwa kutengenezwa. Huko chini ya meli, katika vyumba visivyo na dirisha, alivuta vumbi la kutu na rangi kavu mwaka nenda mwaka rudi. Ni huko huko alikopata gitaa, kwa baharia mmoja aliyechoka nalo. Kilichomfanya ajulikane na kilichomuua vyote vilitoka bandarini.

Wakati wa vita nyuzi za gitaa hazikuuzwa popote. Tulifumua waya wa breki za baiskeli, tukachambua uzi mmoja mmoja, tukaupaka mafuta ya nazi usile kutu. Ikawa mtu akija dansini kwa baiskeli, huenda akarudi nyumbani bila breki. Sisi hatukuiba. Tulinunua kwa walioiba.

Tulipiga tulikoitwa. Jumamosi mchana tulikuwa Changamwe, kwenye makazi ya wafanyakazi wa reli, ambako watu wa bara walitaka dansi la haraka na hawakuwa na subira na beti ndefu. Jumapili tulikuwa Kisauni, kwenye uwanja nyuma ya mkahawa mmoja, ambako wapishi na watunza bustani wa nyumba za wazungu walikuja wamevaa kuliko mabwana zao. Kulikuwa na harusi za Mishomoroni na vijiji vya mbele. Mwenzangu alivuka feri, akapita kisiwani, akavuka tena daraja kuja Kisauni, gitaa limefungwa ndani ya leso kuukuu na kukumbatiwa kama mtoto anayepelekwa hospitali.

Likoni hatukupiga hata mara moja. Mamake alikuwa hai, na yeye hakupata kuimba mahali ambapo sauti yake ingemfikia mamake. Hakuna aliyemkataza. Mama alijua mwanawe ni mwimbaji, mwana alijua kuwa mama ajua, na wote wawili waliishi nyumba moja pasipo kulitaja. Gitaa lililala kwa fundi cherehani karibu na kivuko. Siku moja nilimuuliza kama haoni tabu kuishi hivyo. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini watu huvua viatu mlangoni.

Kuhusu sauti yake sijui niseme nini, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya. Ilikuwa nyembamba na ya juu, wala hakuisukuma. Aliiweka juu ya gitaa kama mtu awekaye kikombe mezani, ikabaki pale. Wimbo wake uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mtu anayempenda mwanamke wa Kisauni. Kutoka Likoni hadi Kisauni lazima uvuke maji mara mbili, na wimbo haukuwa na zaidi ya hayo: mtu avuka feri, avuka daraja, afika mlangoni, na kuambiwa mwenyewe amekwenda Likoni. Ubeti wa kwanza watu walicheka. Wakifika wa tatu walikuwa hawacheki tena. Maneno yalikuwa mepesi tu, na mimi niliyekaa nyuma yake sikupata kujua alifanyaje.

Vita vilipokwisha, kifua kilianza. Kwanza kilikuwa kikohozi cha asubuhi, kisha cha asubuhi na jioni. Siku moja Kisauni, kabla hatujaanza, aliniinamia akasema, "Karani, shusha kidogo." Nikalegeza nyuzi ili wimbo ushuke, naye akalegeza zake, tukapiga. Ilipita miezi, akasema, "Shusha tena." Hatukuzungumza sababu. Nyuzi za waya zikilegea sana hugonga ubao na kulialia ovyo, kwa hiyo nilijifunza kubonyeza kwa nguvu hadi ncha za vidole zikafanya sugu. Wasikilizaji walisifu. Mzee mmoja alitufuata mkahawani kutuambia kwamba siku hizi muziki wetu umekomaa.

"Umekomaa kwelikweli, mzee," mwenzangu akamjibu. "Karibu utaanguka mtini."

Kisha ikaja habari ya santuri. Mhindi mmoja mwenye duka kisiwani, aliyeuza vyerehani upande mmoja na gramafoni upande wa pili, alitusikia kwenye harusi. Akatwambia kuna fundi atakayekuja na mtambo kutoka Bombay kuchukua sauti za watu wa pwani, na kwamba yeye mwenye duka autaka wimbo wa maji mawili. Zikishatengenezwa huko Bombay, sahani zitarudi kuuzwa hapa.

Mwenzangu alikuwa mtu wa kutaka mambo kimoyomoyo. Akipenda chakula chako, alisifia sufuria. Lakini hili alilitaka waziwazi hata nikaona haya kumtazama. Tulikuwa tumesimama kwenye feri, tukirudi, na alisema bila kunigeukia:

"Mimi sina mtoto, karani. Nyumba ni ya mamangu. Hii sauti ndiyo nilo nayo, na yaenda zake. Nataka ishikwe kabla haijafika mlangoni."

Tangu siku hiyo aliilinda sauti kama mtu aliyebeba yai. Alikataa dansi za Changamwe kwa sababu ya vumbi. Alikunywa asali na tangawizi. Bandarini, walikomwachia sasa kazi ya kuchanganya rangi, aliwaamkia watu kwa mkono tu, na wenzake wakasema amepata cheo. Akiwa na mimi alizungumza kwa kunong'ona, nami nikajikuta nanong'ona pia, hata watu wakadhani tuna njama.

Mtambo ulichelewa. Kila nilipopita dukani niliambiwa meli ijayo. Rajabu ikapita, Shaabani ikapita.

Sharti nieleze alivyoupokea mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka, mwezi ulipoandama, alilegeza nyuzi zote, akalifunga gitaa ndani ya leso iliyofuliwa, akalitundika ukutani kwa fundi cherehani, na hakuligusa mpaka Idi. Hakuimba wala kupiga mluzi. Wimbo ukimjia kichwani njiani, aliufukuza kwa kusoma sura aliyofundishwa na babake. Mimi Mkristo sikuwa na kizuizi hicho, na watu wa Changamwe waliniita nikapige peke yangu. Nilikwenda mara moja. Mpiga gitaa wa pili peke yake ni kama kifuniko kisicho na sufuria, na wenye dansi waliniambia hivyo kwa maneno machache zaidi.

Sasa Ramadhani ikaingia, akalitundika gitaa kama kawaida. Na katikati ya mwezi, fundi wa Bombay akashuka melini.

Mwenye duka aliniita. Fundi angekaa kisiwani siku chache, kisha aende Unguja na Dar es Salaam, kisha arudi kwao. Kabla ya Idi atakuwa ameondoka. Akanituliza kwamba yamkini mwakani atakuja tena. Nilishukuru nikatoka, na neno hilo "mwakani" likanifuata mpaka kivukoni. Mtu yeyote aliyemwona mwenzangu wakati ule asingelisema mbele yake.

Nilimkuta barazani kwao, amekaa juani na shuka mabegani, maana ilikuwa miezi ya baridi ya kusi. Nilimwamkia mamake aliyekuwa akichambua mchele mlangoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Watu wa Changamwe hawajambo?" Kisha akaingia ndani, kama alivyofanya sikuzote nilipokuja, ili tuzungumze yale asiyoyajua.

"Amefika," nikasema.

"Nani?"

"Mwenye mtambo."

Akakivuta kipembe cha shuka. "Na Idi?"

"Idi hatakuwapo."

Nikaanza mimi. Siku hizo nilikuwa najisomea mitihani ya kuingia chuoni, na nilikuwa na ugonjwa wa vijana wanaosoma, wa kuamini kwamba kila mlango una ufunguo wa hoja. Hoja nilizipanga ndani ya feri. Kwamba wimbo hauna matusi. Kwamba ni kazi kama kugonga kutu, na wagonga kutu hawaachi kazi mwezi wa Ramadhani. Kwamba mgonjwa amepunguziwa mambo mengi na dini yenyewe. Nilizisema zote, kwa kunong'ona, nikizihesabia kwenye vidole vyenye sugu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wasema vizuri. Ungekuwa Mwislamu ungetupoteza wengi." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Sikiza. Daktari amenikataza kufunga. Kila mchana mamangu aniletea uji, aufunika na sahani jirani asione, nami naunywa nimeupa mlango mgongo. Watoto wadogo wa mtaa huu wafunga, mimi nanywa uji. Mwezi huu kilichonibakia ni kunyamaza. Saumu yangu ndiyo hiyo, sina nyingine. Nikenda nikaimba, ntakuwa nimefunga nini?"

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile na bado sijaipata hoja ya kumjibu.

"Basi sauti itakwenda," nikasema.

"Yaenda," akasema. "Imba wewe."

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Hakucheka.

"Maneno wayajua," akasema. "Gitaa wajua. Wimbo usiende Bombay bila mtu."

"Na sauti?"

"Sauti hata mimi sina, karani. Tofauti yetu ni kwamba yako haijapata kuwako."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuimba na mtu asiyefungua mdomo. Tulikutana alasiri chumba cha nyuma cha fundi cherehani, aliyekuwa na nguo za Idi za mtaa mzima, na cherehani chake kilifunika kelele yangu isitoke nje. Mwenzangu aliketi kwenye kibao, mkono mmoja hewani. Mkono ulipopanda nilipanda, uliposhuka nilishuka. Maneno aliyasema tu, bila sauti ya wimbo, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Hapa usikimbilie. Amefika mlangoni, hajui kama yuko. Ngoja." Nilipokosea alilitazama dari. Nilipokosea sana aliyafumba macho. Siku ya tatu au ya nne fundi cherehani alisimamisha gurudumu, akaniuliza kwa adabu kama Wakristo hawana saumu yoyote ambayo ningeweza kuifunga.

Siku yenyewe tulikwenda dukani adhuhuri. Nyuma ya duka kulikuwa na ghala, na kuta zake zimetundikwa magodoro ili kelele za barabara zisiingie. Joto la humo lilikuwa la tanuri. Fundi wa Bombay alikuwa kijana mwembamba, mtaratibu, mwenye kalamu sikioni. Aliniweka mbele ya chombo cha kunasia sauti, akasogeza kiti changu nyuma, akakisogeza mbele tena. Mwenzangu akakaa juu ya kasha la cherehani, karibu yangu, ili niuone mkono wake. Hakushika gitaa. Nilikuwa nimemuuliza njiani kama hata kukaa kule hakumwingizi makosani, akaniambia kwamba kukaa ni kukaa.

"Na huyu ni nani?" fundi akauliza.

"Mwenye wimbo," akasema mwenye duka.

"Mbona haimbi?"

"Ramadhani."

Fundi akaitika kwa kichwa, akauinamia mtambo wake.

Niliimba. Sauti yangu niliisikia ikigonga magodoro na kufa papo hapo, na nilifurahi kwamba yanainyonya. Ubeti wa kwanza ukapita. Katika wa pili nilimeza neno zima kwa hofu. Kisha ikaja ile sehemu ya gitaa tupu, kabla ya ubeti wa tatu, pale mtu anaposubiri mlangoni. Niliutazama mkono. Ulikuwa juu, umetulia, kidole kimoja kimesimama. Lakini uso ulio nyuma ya mkono ulikuwa umebadilika. Aliuma midomo, mshipa wa shingo ukamtoka, mkono wa pili ukaenda mdomoni. Akazuia. Akazidi kuzuia. Nami naendelea kupiga yale yale, kama ilivyo kazi yangu. Kisha kikohozi kikamtoka, kikavu, kimoja, na kingine kidogo nyuma yake. Na kidole chake kikashuka pale pale palipotakiwa, nikaingia ubeti wa tatu.

Tulipomaliza, fundi aliinua kichwa. "Kuna kikohozi," akasema.

Mwenye duka alitazama ngazi, ambako waimbaji wengine walikuwa wakingoja zamu zao. Sahani tupu zilikuwa chache, za kugawana. "Hakitasikika sana," akasema.

Mimi nilianza kuomba turudie. Mwenzangu akanishika mkono. Alikuwa anacheka, cheko lile la kifua lililomchokesha.

"Wacha," akasema. "Basi na mimi nimo."

Baada ya Idi tulikaa tukingoja. Sauti haikurudi tena, hata ya kuzungumza ilikuwa ya nusu. Gitaa alilishusha ukutani, akakaza nyuzi, akalipiga chumbani kwa fundi cherehani bila kuimba. Sikumsikia akilalamika. Mara moja tu aliniuliza Bombay kuna umbali gani, nikamweleza kwa namba nilizokuwa nimezisoma, naye akasema, "Hata hivyo imefika kabla yangu."

Alifariki Idi ya pili, ile ya kuchinja, ilipokwisha pita. Niliambiwa nikiwa stoo, asubuhi, na mtu aliyekuja kutafuta misumari. Alizikwa alasiri ile ile. Jamaa walipoinua jeneza nilisimama kando, kwa kuwa sikujua mahali pangu, na kwa kuwa nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini. Mzee mmoja alinivuta kwa mkono wa shati, akaniingiza chini ya mti wa jeneza, bega langu likaushika kwa hatua chache kabla ya mwingine kunipokea. Jeneza lilikuwa jepesi mno. Nilikuwa nimebeba makasha mazito kuliko lile kila siku ya kazi.

Sahani zilifika baada ya arobaini. Kwenye karatasi ya katikati waliandika jina langu, wakalikosea, jambo ninaloshukuru hadi leo. Nilisikiliza mara moja tu, nimesimama dukani. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Kikohozi kilisikika vizuri kuliko mimi.

Siku moja mtoto wa jirani yao alikuja Changamwe na ujumbe: mama amesikia kuna sahani, aniomba niilete. Niliazima gramafoni, nikavuka nayo. Alikuwa amevaa kaniki na leso, amepungua. Alinikaribisha uani, si barazani, akafunga mlango wa mbele. Katika nyumba ile hapakuwa pamepata kupigwa chombo cha muziki. Niliiweka gramafoni juu ya kinu kilichopinduliwa, yeye akakaa kizingitini mwa jiko, mikono mapajani.

Wimbo ulipoanza alisikiliza kwa makini, kichwa upande.

"Huyu aimbaye ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Pole, mwanangu."

Ubeti wa pili ukapita, pamoja na lile neno nililolimeza. Ikaja sehemu ya gitaa. Nilijua kinachokuja, nikataka kuiinua sindano, sikuwahi. Kikohozi kilitoka katika kile chombo, uani, kama mtu aliyekaa nyuma ya ukuta. Mama aliinua mkono.

"Rudisha."

Nikairudisha sindano nyuma kidogo. Kikatoka tena.

"Ndiye," akasema. "Hiki ni cha mchana. Cha usiku kilikuwa kizito."

Nilirudisha tena, na tena. Wimbo wenyewe hakuutaka, na sikupata kumweleza kuwa ulikuwa wa mwanawe. Kila kilipotoka aliitika kwa kichwa, polepole, kama anayepokea salamu. Kisha akaniambia basi, niitoe. Nilimwambia naweza kuiweka mara nyingi apendavyo.

"La," akasema. "Sindano yamla."

Sahani ile aliichukua, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka ndani. Gramafoni hakuwa nayo, wala hakupata kuinunua.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Lakini wimbo uliuzika. Kwa nini, sijui. Labda kwa sababu watu wa kuvuka maji mawili ni wengi. Uliimbwa katika mikahawa ya Kisauni na kwenye dansi za Changamwe, na vijana waliojifunzia gitaa kwenye santuri waliushika kama walivyousikia. Walishika mpaka makosa yangu. Lile neno la ubeti wa pili nao walilimeza.

Nilikwenda harusini Mishomoroni, mwaka wa mwisho kabla sijaenda masomoni. Nilikuwa mgeni tu, nimekaa na sahani ya pilau magotini, alasiri, chini ya tanga lililowambwa uani. Aliyepiga gitaa alikuwa seremala wa vitanda, mtu mzima mwenye kifua kama mlango. Akaanza wimbo wetu. Aliuimba vizuri kuliko mimi, jambo lisilohitaji juhudi. Ubeti wa kwanza, wa pili. Ikaja sehemu ya gitaa, nikaona wanawake wanatazamana na kujiziba midomo kwa leso, wanaume wanajiweka sawa vitini. Na kabla ya ubeti wa tatu, yule seremala akakohoa, kimoja kikavu na kingine kidogo nyuma yake, na uani kote watu wakakohoa pamoja naye, wakaangua kicheko, wakaingia ubeti wa tatu wakiimba.

Niliiweka sahani chini. Aliyekuwa karibu yangu akaniambia nisishangae, kwamba huo wimbo una mchezo wake hapo, na asiyekohoa hulipishwa soda.

Alipopumzika nilimfuata. Alikuwa akikaza uzi, ameinama. Nilimuuliza kile kikohozi amekipata wapi.

"Si kimo kwenye sahani, bwana? Mwimbaji mwenyewe ndivyo afanyavyo."

"Si mwimbaji," nikasema. "Ni mwingine aliyekuwapo. Alikuwa mgonjwa."

Mkono wake ukaacha uzi. Alikuwa mtu mwema, niliona usoni mwake kwamba maneno yameingia. "Alipona?"

"Hakupona."

Akawatazama watu waliokuwa wakimngoja. "Sasa nifanyeje, kaka? Nikikiacha wataniambia siujui wimbo. Lakini ukisema niache, naacha."

Nilikuja kwake na hasira, na nilitaka kusema aache. Nikamfikiria mwenzangu juu ya lile kasha, akinishika mkono nisirudie. Sauti yake haikushikwa na mtambo wala na mtu. Mimi niliyeisikia kuliko wote siwezi kuitoa, na wale wa Kisauni waliocheza mbele yake walikuwa wamekwisha kuanza kuikumbuka kwa sauti yangu. Kikohozi hicho ndicho kilichobaki, na kilikuwa mikononi mwa seremala huyu.

"Usiache," nikamwambia. "Ila unakiwahi. Wewe wakohoa kama mtu anayetaka. Yeye alikizuia. Alikizuia mpaka kikamshinda, ndipo kikatoka."

Akashika gitaa, akapiga ile sehemu polepole, akanitazama. Akavuta pumzi, akafunga mdomo, akasubiri, kisha akakohoa.

"Hivyo?"

"Bado," nikasema. "Zuia kidogo zaidi."